Swali la Hesabu Limegoma? Mwongozo Kamili wa Kulifikia Wazo Linalofungua Njia

Wanafunzi wengi wanaoniandikia wana kilio kimoja. Kanuni wanazijua, mifano ya mwalimu wanaifuata vizuri, lakini swali likigeuzwa kidogo tu wanabaki kulitumbulia macho. Baada ya dakika mbili wanafungua majibu nyuma ya kitabu, wanasema "aah, kumbe!", wanafunga daftari. Wiki ijayo linakuja swali la ukoo ule ule na wanakwama pale pale.

Wengi wao wanaamini kuna watu wamezaliwa vipanga, wazo linawajia lenyewe, na wengine hawakujaliwa. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba wazo huja ghafla, na huwezi kuliamuru lije saa nne na nusu. Ila mazingira ya kulifanya lije yako mikononi mwako. Katika maswali ninayoona yakiwashinda wanafunzi, mara nyingi hawakosi maarifa. Kinachowazuia ni sharti ambalo swali halikulitoa, wamejiwekea wenyewe bila kujua. Sharti hilo likianguka, jibu linaonekana kana kwamba lilikuwepo siku zote.

Hatua zilizo hapa chini ni za kuliangusha sharti hilo. Zifuate kwa mpangilio, hasa mara za kwanza.

## Vitu vya kuandaa

- Swali moja linalokuzidi kidogo. Ukiliona na papo hapo ukajua kanuni ya kutumia, hilo ni zoezi la kawaida, halifai kwa kazi hii. Na usipoelewa hata maneno yake, rudi kwanza kwenye mada.
- Karatasi za rafu za kutosha, zisizo na mistari ukizipata. Ukibana michoro yako kwenye kona ya daftari utaogopa kuchora wa pili.
- Penseli, rula na bikari. Raba iweke mbali. Majaribio yaliyoshindwa yasifutwe, utayahitaji Hatua ya 4.
- Saa ya kawaida. Simu ikae chumba kingine.
- Daftari dogo la kubaki nalo, kwa ajili ya Hatua ya 7.
- Vipindi viwili vya kusoma vyenye usiku katikati. Sharti hili watu hulidharau kuliko yote.
- Majibu yawe mbali nawe. Bana kurasa za majibu kwa pini au mpe mwenzako ayashike.

## Swali tutakalotembea nalo

Chora robo ya duara. Kitovu kiite O, na nusu kipenyo kiwe sm 10. Ndani ya robo hiyo chora mstatili OABC: kona A iko kwenye ukingo wa chini, kona C iko kwenye ukingo wa wima, na kona B imegusa tao la duara. Tafuta urefu wa mstari AC.

Hakuna kingine ulichopewa. Kabla ya kuendelea kusoma, jaribu walau dakika tano. Ukisoma mwongozo huu bila kulijaribu, utaelewa kila sentensi na hutapata chochote.

## Hatua ya 1: Lisimulie swali bila kukokotoa

Andika mambo matatu kwa maneno yako: kilichotolewa, kinachotafutwa, na kisichosemwa.

Kwa swali letu, kilichotolewa ni nusu kipenyo, sm 10. Kinachotafutwa ni AC. Kisichosemwa ni urefu na upana wa mstatili.

Wanafunzi wengi huruka hilo la tatu, na ndilo lenye mali. Kama mtunzi hakutaja urefu wala upana, kuna mambo mawili tu: ama swali lina kasoro, ama jibu halitegemei vipimo hivyo. Maswali ya vitabuni mara chache yana kasoro. Kwa hiyo kabla hujaandika mlinganyo wowote, tayari una fununu kwamba AC ni ile ile, mstatili uwe mnene au mwembamba.

Tahadhari. Usichore mchoro "mzuri" kupita kiasi. Ukiambiwa mstatili ukachora mraba, au ukiambiwa pembetatu ukachora yenye pande zote sawa, macho yataona mambo ambayo swali halikusema, na hutayatilia shaka tena.

Utajua umemaliza ukiweza kumsimulia mwenzako swali lote bila kutazama karatasi, naye akalichora sawasawa.

## Hatua ya 2: Tumia njia uliyoizoea mpaka igome kweli

Sasa kokotoa. Tumia kanuni ya kwanza inayokujia, wala usione aibu kwamba ni ya kawaida. Jipe dakika 15 hadi 20 za kazi ya kweli.

Kwenye swali letu karibu kila mtu anakamata Pythagoras. Pembetatu OAC ina pembe mraba pale O, kwa hiyo AC² = OA² + OC². Sawa kabisa. Kisha? OA hatuijui, OC hatuijui. Wengine wanaweka x na y, wanaandika y = kitu fulani cha x, ukurasa unajaa.

Usiione kazi hii kuwa hasara. Mwaka 2009 watafiti Ut Na Sio na Thomas Ormerod waliunganisha matokeo ya tafiti 117 kuhusu faida ya kuliacha swali na kulirudia baadaye. Waliona kwamba faida hiyo ipo, na huwa kubwa zaidi kwa waliokuwa wamelihangaikia swali kwa muda mrefu kabla ya kuliacha. Anayekwenda kupumzika baada ya dakika mbili hana alichobeba kichwani.

Ila kuhangaika nako kuna namna yake. Alan Schoenfeld, mtafiti wa Marekani wa ufundishaji wa hisabati, aliwarekodi wanafunzi wakikabili maswali mageni. Wengi walisoma, wakachagua njia moja haraka, wakaing'ang'ania mpaka muda ukaisha, bila kusimama kujiuliza kama inawapeleka popote. Dawa yake ilikuwa kuwatembelea wanafunzi darasani wakiwa kazini na kuwauliza maswali matatu. Yaandike juu ya karatasi yako:

1. Ninafanya nini hasa sasa hivi?
2. Kwa nini ninakifanya?
3. Nikikipata, kitanisaidia nini?

Jiulize kila baada ya dakika tano hivi. Usipoweza kujibu la tatu, kalamu chini.

Utajua umemaliza ukiweza kuandika sentensi moja inayosema njia imegomea wapi. Kwa mfano: "Nina Pythagoras, lakini OA na OC hazijulikani na siwezi kuzipata." Kusema "sielewi" hakutoshi. "Sielewi" ni hisia, na hisia huwezi kuifanyia kazi.

## Hatua ya 3: Lipunguze swali, kisha livute mpaka mwisho wake

Ukiwa umegoma, acha kwa muda swali lenyewe na ucheze na ndugu zake. Njia ninazozitegemea ni mbili.

Kulipunguza. Chukua swali hili la jumla:

1/(1×2) + 1/(2×3) + 1/(3×4) + … + 1/(99×100)

Sehemu 99 za kujumlisha, kila moja na asili yake. Anayeanza kutafuta kigawe kidogo cha shirika hatoki salama. Badala yake, jumlisha ya kwanza peke yake: 1/2. Mbili za kwanza: 1/2 + 1/6 = 2/3. Tatu za kwanza: 2/3 + 1/12 = 3/4. Nusu, theluthi mbili, robo tatu. Hapo hata mtoto wa darasa la sita atakwambia inayofuata ni 4/5, na ukihakiki, ndiyo: 3/4 + 1/20 = 4/5. Kwa hiyo jibu la mwisho linaelekea kuwa 99/100.

Hujathibitisha bado. Ila sasa unajua unachokitafuta, na swali limebadilika kutoka "hii jumla ni ngapi?" kuwa "kwa nini kila kitu kinafutika?" Hilo la pili linakuvuta kuona kwamba 1/(2×3) ni sawa na 1/2 − 1/3, kwamba 1/(3×4) ni 1/3 − 1/4, na kwamba ukizipanga, kila sehemu inameza jirani yake. Inabaki 1 − 1/100.

Kulivuta mpaka mwisho. Rudi kwenye robo duara. Sogeza B kwenye tao mpaka ikaribie kabisa ukingo wa chini. Mstatili unakuwa ukanda mwembamba: C inashuka karibu na O, A inasogea mpaka karibu na mwisho wa nusu kipenyo. AC inakuwa karibu urefu gani? Karibu sm 10. Isogeze B upande wa pili, juu kabisa: karibu sm 10 tena. Jaribu mraba katikati: kila upande ni 10/√2, na Pythagoras anatoa 10 kamili.

Sasa fununu ya Hatua ya 1 imepata nguvu. Jibu linaonekana kuwa 10. Kinachobaki ni sababu.

Tahadhari. Mifano mitatu inayokubaliana haithibitishi kitu. Kwenye swali la kuchagua jibu itakuokoa, lakini kwenye swali la kuonesha njia, atakayesahihisha hatakupa alama kwa kubahatisha vizuri.

## Hatua ya 4: Tafuta sharti ulilojiwekea

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Zile hatua tatu za mwanzo zilikuwa zinakuleta hapa.

Kwanza fanya jaribio hili ulione tatizo likikutokea mwenyewe. Una madumu matatu yasiyo na alama: A la lita 21, B la lita 127, C la lita 3, na maji ya kutosha. Pima lita 100. Njia: jaza B, toa A mara moja, toa C mara mbili. 127 − 21 − 3 − 3 = 100.

Sasa A ni 23, B ni 49, C ni 3. Pima lita 20. Kama ulikimbilia 49 − 23 − 3 − 3, umepata jibu sahihi. Lakini 23 − 3 ilikuwa mbele ya macho yako.

Vipimo hivi ni vya mwanasaikolojia Abraham Luchins, aliyechapisha majaribio yake mwaka 1942. Aliwapa watu mfululizo wa maswali yanayokubali ile njia ndefu, kisha akawapa yenye njia fupi. Wengi waliendelea na ndefu. Alipowapa 28, 76 na 3 na kutaka 25, swali ambalo njia ndefu hailiwezi kabisa, wapo walioshindwa. Wenzao ambao hawakuwa wamezoeshwa njia ndefu walilijibu bila taabu. Jibu ni 28 − 3.

Hebu fikiria maana yake kwa mwanafunzi aliyefanya maswali arobaini ya aina moja tuisheni usiku mzima. Silaumu mazoezi, bila mazoezi hakuna hesabu. Lakini mazoezi ya aina moja mfululizo yanajenga pia ukuta, na ukuta huo hauonekani kwa aliye ndani yake.

### Namna ya kulitafuta

Chukua karatasi ya majaribio yaliyogoma, yale ambayo hukuyafuta. Kwa kila mstari jiulize: *hili limesemwa na swali, au nimeliongeza mimi?* Masharti ya kujiwekea huwa yamejificha sehemu zile zile:

- Mistari. Je, nimejizuia kuchora mstari ambao haukuwepo kwenye mchoro?
- Mahali pa kipimo. Namba niliyopewa, nimeiona mahali pamoja tu wakati ipo kwingine pia?
- Kinachohesabiwa. Nimelazimika kuhesabu kile kile nilichoulizwa, au kipo kingine chenye idadi sawa na rahisi kuhesabika?
- Mwelekeo. Ni lazima nianzie mwanzo? Kama ninajua mwisho, kwa nini nisirudi nyuma?
- Kanuni. Nani kaniambia swali hili ni la mada hii?

Chukua mfano wa kinachohesabiwa. Timu 37 zinacheza kombe la mtaani kwa mtoano: ukifungwa umetoka, na timu isiyo na mpinzani inapita moja kwa moja. Zitachezwa mechi ngapi mpaka bingwa apatikane? Wengi wanapanga raundi. Mechi 18, moja inapita, zimebaki 19. Mechi 9, moja inapita, zimebaki 10. Kisha 5, kisha 2 na moja inapita, kisha 1 na moja inapita, kisha fainali. 18 + 9 + 5 + 2 + 1 + 1 = 36.

Jibu ni sahihi. Lakini acha kuwatazama washindi, watazame waliofungwa. Kila mechi inatoa timu moja, wala haitoi zaidi. Timu 36 lazima zitoke. Mechi ni 36. Ziwe timu 37 au 3,700, huhitaji tena kupanga raundi. Swali lilikuuliza mechi, wewe ukajiongezea kwamba mechi huhesabiwa kwa raundi.

### Robo duara yafunguka

Niliwahi kukaa na binti wa kidato cha tatu juu ya swali hili la robo duara. Alikuwa amejaza ukurasa mzima wa x na y.

"Mwalimu, hili limekosewa. Namba hazitoshi."

"Umepewa nini?"

"Nusu kipenyo tu. Kumi."

"Nioneshe hiyo kumi iko wapi kwenye mchoro wako."

Akaweka ncha ya penseli kwenye O, akaivuta chini mpaka ukingo wa duara. "Hapa."

"Iko hapo tu?"

Akaivuta tena kutoka O kwenda juu. "Na hapa." Akanyamaza. Penseli ikarudi O, ikaanza kwenda upande wa kulia, ikasita. Kisha akavuta mstari wa tatu, katikati ya mstatili, mpaka B.

"Hii nayo ni kumi," alisema polepole. Halafu kwa kasi: "Hii ni nusu kipenyo! Halafu OB na AC… Mwalimu, zote ni ulalo! Mstatili ni mmoja!"

AC = OB = sm 10. Mistari miwili inayokata mstatili kona kwa kona huwa na urefu sawa, jambo alilolijua tangu shule ya msingi. Hakuna maarifa mapya niliyompa. Alikuwa ameamini kwamba nusu kipenyo ni ile mistari miwili ya pembeni iliyochorwa tayari, na kwamba ndani ya mstatili kuna mstari mmoja tu, ule ulioulizwa.

Utajua umemaliza ukiwa na orodha ya masharti mawili au matatu uliyoyaongeza, na umejaribu kuondoa kila moja. Mara nyingi wazo litakujia ukiwa katikati ya orodha. Lisipokuja, usilazimishe. Gari likizama matopeni, kukanyaga mafuta zaidi kunalizamisha.

## Hatua ya 5: Liache

Funga daftari. Fanya kitu kisichohitaji akili nyingi: osha vyombo, chota maji, fua, tembea kwenda dukani. Kama ni usiku, lala.

Wataalamu wanatofautiana kuhusu kinachotendeka kichwani wakati huu. Maelezo moja yanayoniingia akilini ni kwamba njia mbovu, isipotumiwa, inapoteza nguvu yake, na ukirudi unaanza na macho mapya. Kuhusu usingizi tuna jaribio zuri la mwaka 2004 la Ulrich Wagner, Jan Born na wenzao katika Chuo Kikuu cha Lübeck, Ujerumani. Watu walifundishwa kazi ya kugeuza safu za namba kwa hatua nyingi, na ndani yake kulikuwa na njia ya mkato ambayo hawakuambiwa. Baada ya muda wa saa nane walirudi kwenye kazi. Waliolala katika saa hizo waliigundua njia ya mkato kwa zaidi ya mara mbili ya waliokesha.

Kwa mwanafunzi hii ina tafsiri ya moja kwa moja: jaribu swali gumu jioni, mpaka ligome, kisha lirudie asubuhi kabla ya kitu kingine. Wale wa kukesha na miguu kwenye beseni la maji baridi wanajinyima kipande cha kazi ambacho kingefanyika bure.

Tahadhari. Kuingia mtandaoni hakuhesabiki hapa kama kupumzika. Kichwa kinachomezwa na video fupi hakina nafasi. Pia usiliache swali kabla ya Hatua ya 2, maana hapo hujapumzika, umekimbia.

## Hatua ya 6: Likija, lihakiki kabla ya kushangilia

Janet Metcalfe na David Wiebe, mwaka 1987, waliwaomba watu wanaotatua maswali waseme kila baada ya sekunde 15 wanahisi wako karibu kiasi gani na jibu. Kwenye maswali ya kawaida ya aljebra hisia hiyo ilipanda taratibu. Kwenye maswali ya wazo la ghafla ilibaki chini mpaka karibu kabisa na jibu lenyewe.

Kwa hiyo usilihukumu swali kwa hisia. Kuona giza hakumaanishi uko mbali. Wanaokata tamaa dakika ya kumi na nane kwa sababu "hata sikaribii" wanatumia kipimo ambacho kwenye maswali haya hakifanyi kazi.

Na upande wa pili wake: kuhisi kwamba umeshafika nako si ushahidi. Jaribu hili: daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100, na daftari limezidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni bei gani?

Jibu la 100 linaruka kichwani lenyewe, tena na ule utamu wa kuona wazi. Ni la uongo: kama kalamu ni 100, daftari ni 1,100, na jumla ni 1,200. Kalamu ni shilingi 50, daftari 1,050.

Kwa hiyo wazo likija:

1. Liandike papo hapo, hata nyuma ya tiketi ya daladala.
2. Rudisha jibu kwenye swali. Namba zinatimiza kila sentensi?
3. Andika sababu ya kila mstari. Kwa robo duara: OB ni nusu kipenyo *kwa sababu* B iko kwenye tao na O ni kitovu, na AC = OB *kwa sababu* OABC ni mstatili. Mistari miwili, hakuna pengo.
4. Lijaribu kwa mfano ambao hukuutumia kulipata.

Utajua umemaliza ukiweza kumweleza mtu anayebisha, akakosa pa kushika.

## Hatua ya 7: Andika kilichosogea

Usiandike swali zima wala jibu. Kwenye lile daftari dogo andika sentensi moja ya muundo huu: "Nilidhani …, kumbe …, kilichonifungua ni …"

Kwa mfano: "Nilidhani nusu kipenyo ni mistari iliyochorwa, kumbe ni kila mstari kutoka O mpaka kwenye tao. Kilichonifungua ni kutafuta kumi kila mahali ilipo."

Hatua hii inachukua dakika moja, na kwa maoni yangu ndiyo inayotofautisha aliyetatua swali na aliyejifunza. Ukifikisha sentensi ishirini utaanza kuona makosa yako yana tabia. Mmoja hagusi michoro, mwingine haanzii mwisho hata siku moja. Sentensi hizo zinakuwa nyongeza ya orodha ya Hatua ya 4, na zitakufaa kuliko yangu kwa sababu zimetoka kichwani mwako.

## Kwenye chumba cha mtihani

Usiku wa kulala haupo, lakini sehemu ya hatua hizi bado inawezekana. Soma maswali yote mwanzoni. Swali gumu lipe dakika chache, uchore, uandike lilipogomea kwa sentensi moja, kisha hamia jingine. Ukirudi, usisome kazi yako ya mwanzo kwanza. Soma swali lenyewe upya, kama la mtu mwingine. Anayebaki palepale dakika 25 anapoteza alama za maswali mawili rahisi ili kutafuta moja gumu.

## Kwa mwalimu na mzazi

Mtoto akikwama, usimpe mstari unaofuata. Ukimpa, atapata jibu lako. Muulize swali linalogusa sharti alilojiwekea: "Hiyo kumi iko wapi pengine?", "Ni lazima tuhesabu washindi?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa ukiwa na kipindi cha dakika 40 na watoto 70 mbele yako, nalijua hilo. Hata hivyo swali moja kwa wiki lililoachwa ubaoni Ijumaa bila jibu mpaka Jumatatu haligharimu kipindi.

Na atakayepata wa kwanza asiruhusiwe kulipuka na jibu. Aombwe atoe dokezo, wengine wapate nafasi yao.

## Maswali ya kujipima

Fanya moja kwa siku, kwa hatua zote. Majibu sitayaweka hapa.

1. Ubao wa drafti una vyumba 64. Kata vyumba viwili vya kona zinazokabiliana kwa mshazari, vibaki 62. Una vibao 31, kila kimoja kinafunika vyumba viwili vinavyopakana. Je, vitafunika ubao wote? Ukigoma: chumba kina nini zaidi ya mahali kilipo?
2. Mraba mkubwa umelizunguka duara, kila upande wake unaligusa. Ndani ya duara hilo kuna mraba mdogo, kona zake zote zimegusa duara. Mraba mkubwa una eneo mara ngapi ya mdogo? Inawezekana bila Pythagoras. Ukigoma: nani kasema mraba mdogo lazima ukae hivyo ulivyouchora?
3. Magugu maji yanaongezeka maradufu kila siku, na yamelifunika bwawa lote siku ya 30. Yalifunika nusu ya bwawa siku ya ngapi?
4. Basi linakwenda mjini kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa njia ile ile kwa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa mwendo wa safari nzima ni ngapi? Ukilijibu hili ndani ya nusu dakika, rudi Hatua ya 6 kabla ya kufunga daftari.